Wanaitikia "ndiyo sista", wanaondoka, hawafanyi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, niliajiriwa mwaka jana katika zahanati moja mkoani Simiyu. Nimezaliwa na kukulia Tanga, Kisukuma sikijui zaidi ya salamu moja ambayo nikiitamka wanacheka. Wagonjwa wananisikiliza kwa adabu, wanaitikia "ndiyo sista", wanachukua dawa wanaondoka. Baada ya wiki mbili wanarudi hali ile ile. Kuna mzee mmoja wa presha nimemweleza mara tatu kwamba dawa ni za kila siku, na mara zote tatu kanijibu ameelewa. Juzi kaja presha iko juu kuliko siku ya kwanza, na vidonge vya mwezi uliopita vimebaki nusu. Mfawidhi wangu, mkuu wa zahanati, anasema "hawa ndivyo walivyo". Chuoni tulisoma vizuizi vya mawasiliano: lugha, kelele, utamaduni, hisia, mazingira. Mtihani wake nilipata A. Mbona hapa haunisaidii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ile orodha ya chuoni nimeifundisha mwenyewe miaka mingi, na haina kosa. Shida yake ni kwamba inamfanya mwanafunzi aone kizuizi kama ukuta uliosimama kati yake na mgonjwa, kitu cha kuonekana. Vizuizi vinavyoua watu kwenye zahanati zetu havionekani. Vinapita kwa Kiswahili safi kabisa, pande zote mbili zikiamini zimeelewana. Kwa hiyo Kisukuma nitakuja nacho baadaye. Kwanza tuzungumze Kiswahili chako.

Tuanze na hilo neno "ndiyo". Yule mzee pengine ana miaka zaidi ya sabini. Wewe una umri wa mjukuu wake, umevaa sare nyeupe, umesimama yeye amekaa, na nyuma yake kuna benchi limejaa watu wa kijiji chake. Unamuuliza: "Babu, umeelewa?" Ana majibu mawili tu. Akisema "sijaelewa", ama amekiri mbele ya majirani kwamba yeye mjinga, ama amekuambia wewe hujui kueleza. Mtu mzima mwenye adabu hafanyi lolote kati ya hayo. Anasema "ndiyo". Hakudanganyi, anakuheshimu. Ile "ndiyo" maana yake ni "nimekusikia, ahsante, niachie niende". Hata mimi hujibu hivyo benki, kijana wa dirishani akishanieleza habari za makato nikatoka sijui nilichoelezwa.

Basi swali "umeelewa?" liondoe kinywani mwako kabisa. Badala yake muulize hivi: "Babu, ukifika nyumbani bibi akakuuliza sista amesemaje kuhusu hizi dawa, utamwambiaje?" Halafu nyamaza umsikilize. Utashangaa. Mimi nilipoanza kuuliza hivyo, tayari nikiwa na zaidi ya miaka kumi kazini, nusu ya niliyodhani nimeyaeleza sikuyasikia yakirudi. Na akikosea usimsahihishe kama mwalimu wa darasa la tatu. Chukua kosa wewe: "Hapo sikueleza vizuri, babu, ngoja nirudie." Ukishasema hivyo, kutoelewa kwake si aibu yake tena, na ataanza kukuuliza.

Sasa presha. Nina hakika ulimwambia kitu kama "presha yako imepanda, tumia hizi dawa kila siku zitaishusha." Sikiliza hiyo sentensi kwa masikio ya mtu asiyesoma uuguzi. Kitu kilichopanda kinashushwa, kikishashuka, kimeshuka. Mzigo ukishautua kichwani, kesho huutui tena. Alikuja kliniki ukampima, ukafurahi ukamwambia "safi, imeshuka!", naye akaenda nyumbani akaacha dawa. Alikutii kwa neno ulilolitumia wewe.

Ongeza na hili: kwa Kiswahili cha mtaani presha ni tukio. "Nilipata presha niliposikia msiba." "Usinipandishe presha." Inakuja na mawazo, inaondoka mawazo yakiisha. Wengi pia wanaamini presha unaihisi, kichwa kikigonga au moyo ukienda mbio, kwa hiyo wanameza kidonge siku ya kichwa kugonga kama wanavyomeza Panadol. Wewe unajua kwamba mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 akalima ekari nzima bila kuhisi kitu. Yeye hajui, na hakuna aliyemwambia kwa namna inayoingia.

Uko kwa wafugaji, mwanangu. Zungumza ng'ombe. Mimi nilikuwa nauliza: "Mzee, fahali mkorofi ukimfunga kamba akatulia, utaifungua kwa kuwa ametulia?" Wanacheka. "Aah, ataingia shamba la watu!" "Basi dawa ni kamba. Tukipima tukakuta ametulia, maana yake kamba inafanya kazi." Sijaona mzee wa Kisukuma aliyehitaji kuelezwa hilo mara ya pili. Lakini mfano huo ungeupeleka Tanga mjini wangekutazama tu, kwa hiyo usiunukuu kwenye daftari kama kanuni. Kila mahali pana kamba yake, nawe itafute.

Twende kwenye maneno mengine ya kwetu yanayotuponza, maana hapa ndipo kuna utajiri na hakuna anayepafundisha.

Kwenye bahasha ya dawa unaandika "1 x 3 kutwa". Kutwa ni nini? Bibi yangu angekuambia kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Usiku una neno lake, kucha. Mama mmoja alinirudishia mtoto mwenye kichomi, amepewa amoksisilini kwa utaratibu uliotukuka: asubuhi, mchana, na magharibi kabla jua halijatua. Halafu usiku mzima hakuna dawa. Nilipoanza kumgombeza akanijibu kwa upole, "Sista, si uliandika kutwa?" Nikakosa la kusema. Yeye ndiye aliyejua Kiswahili.

Tena saa. Dawa ya mseto ya malaria wewe unaijua: dozi sita kwa siku tatu, na kwa mtu mzima vidonge vinne vinne, jumla 24. Dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ile ya kwanza. Sasa mwambie mtu "nyingine utameza baada ya saa nane" kisha mtazame anaelekea wapi. Kama umempa ya kwanza saa nne asubuhi, saa nane yake ni mchana huu huu, muda mfupi tu baada ya chakula. Kama umempa saa tisa alasiri, saa nane imeshapita, atangoja ya usiku wa manane au ya kesho. Hakuna aliyekosea kusikia. Kiswahili kinaita kwa jina moja muda wa saa nane na wakati wa saa nane, na sisi tuliosoma maelezo ya dawa kwa Kiingereza hatuoni mtego huo. Siku hizi nasema: "Hizi umeze hapa mbele yangu. Nyingine umeze leo kabla ya kulala. Kesho asubuhi ukishakunywa uji, kesho jioni ng'ombe wakisharudi zizini. Keshokutwa vivyo hivyo." Kama ni lazima kutaja saa, itaje na kivuli chake: saa mbili ya usiku, saa mbili ya asubuhi. Na kwenye kadi ya kliniki usiandike 8:00 ukadhani umeandika saa mbili kwa kila mtu.

Bado niko kwenye malaria. Utaulizwa "nina malaria ngapi?" Watu wamezoea enzi za darubini, wadudu wakihesabiwa, mtu anarudi nyumbani anatangaza "nina malaria nne". Kipimo cha haraka kinatoa mstari tu: upo au haupo. Ukimwambia mtu "unayo" bila idadi, anaona hukumpima sawasawa. Na ukimwambia "huna malaria" huku mwili wake unawaka moto, ukaishia hapo, umemwambia kwamba hujui anaumwa nini. Atatoka hapo moja kwa moja hadi duka la dawa muhimu kununua mseto. Maneno "huna malaria" hayajakamilika mpaka yafuatwe na "kwa hiyo homa hii naona inatokana na kitu fulani, na tutafanya hivi; ukiona hivi na hivi kabla ya kesho kutwa, rudi hata usiku."

Lipo jina moja linaloniuma kila nikilitamka: kifafa cha mimba. Nani alilitafsiri hivyo sijui, lakini alitutia hasarani. Familia ikisikia kifafa inafikiri kifafa: ugonjwa wa ukoo, wa mapepo, wa kufichwa, wa mganga. Mkwe anasema kwao hakuna kifafa, huyu mwali katuletea. Wakati mwenzio anagombana na jina, mjamzito ana kichwa kinachopasua, anaona maruweruwe, uso na mikono imevimba. Kwenye kliniki ya wajawazito usianze na jina. Anza na kichwa, macho na uvimbe, useme "hii ni presha ya ujauzito, inaua mama na mtoto, ukiona dalili hizi usisubiri asubuhi." Jina la kitabuni utalitaja mwishoni, na useme wazi kwamba halihusiani na kile kifafa wanachokijua. Wewe mtu wa Tanga unajua tulivyopambana na degedege pwani: kwa watu wengi ilikuwa ni kitu tofauti kabisa na malaria, na mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama anayeamini hivyo humpati kwa kumwambia degedege ni imani potofu. Unampata kwa kukubali kwamba alichokiona ni kweli, mtoto amekakamaa na macho yamegeuka, kisha ukamweleza homa inavyofika kichwani.

Halafu tafsida. Sisi Waswahili tuna lugha ya staha na naipenda, lakini kliniki imeshatuumbua. Binti mmoja nilimpa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Chumba kilikuwa na watu, nikaona haya, nikamwambia "hivi utatumia kule kule." Alivimeza vyote sita. Hakudhurika, Mungu ni mwema, lakini fangasi walibaki na mimi nikabaki na aibu. Siku hizi nafunga mlango na nasema uke, uume, haja kubwa, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayetaja goti. Mgonjwa akitumia neno lake, nalirudia lake kisha naongeza langu. Na kuna maswali yanayochekesha: nilipata kumuuliza mzee "unapata choo?", akanijibu kwa fahari kwamba wanacho, cha shimo, alikichimba mwenyewe mwaka jana.

Sasa Kisukuma. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120 na serikali inaweza kukupeleka popote, kwa hiyo usijilaumu kwa kutokijua. Lakini usikubali kubaki ulivyo. Wanapocheka ukisalimia hawakudharau, wamefurahi. Mgeni anayejaribu ana nusu ya njia. Mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya mchana ziwe mdomoni kabla hujagusa faili la mtu. Jifunze kwanza maneno ya maumivu, ya sehemu za mwili, ya jana na leo na kesho. Mwambie mhudumu wako wa usafi akufundishe matatu kwa siku. Baada ya miezi mitatu utashika mambo ya msingi hata kama huwezi kuhadithia.

Wakati huo utahitaji mkalimani, na hapa kuna mambo. Anayepatikana haraka ni mtoto wa mgonjwa, na huyo ndiye wa mwisho kumtumia. Mama hatakuambia kupitia kwa kijana wake wa miaka 14 kwamba anatokwa na uchafu au kwamba baba hataki kutumia kondomu. Mume naye hujibu yeye badala ya kutafsiri. Mlinzi wa getini ni mwenyeji mzuri wa lugha, ila jioni yuko kilabuni. Mtafute mhudumu wa afya wa jamii, hao tunaowaita WAJA, au mwenzako wa kazini mwanamke kwa wanawake. Mkubaliane mbele ya mgonjwa kwamba yanayosemwa yanabaki humo ndani. Kaa ukimtazama mgonjwa, usimtazame mkalimani. Sema sentensi moja, subiri. Na mgonjwa akizungumza dakika mbili kisha mkalimani akakuambia "anasema kichwa", usiandike kichwa. Mwambie kwa upole: "Kasema mengi, naomba yote." Hizo dakika mbili ndimo ulimo ugonjwa.

Kuhusu kusikiliza, nitakupa namba moja. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichunguza mazungumzo 74 ya wagonjwa na madaktari. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa sekunde 18 baada ya kuanza kueleza shida yake, na chini ya robo ya wagonjwa ndio walioachwa wamalize. Hao walikuwa na viyoyozi na miadi. Sisi tuna foleni hadi chini ya mwembe, na najua utaniambia muda hakuna. Lakini mgonjwa akiachwa aseme bila kukatizwa, wengi humaliza wenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Ukimkatiza, jambo lenyewe analihifadhi hadi anaposhika mlango: "Halafu sista, kuna na kile kingine..." Hicho kingine ndicho kilichomleta. Hapo ama umrudishe kiti uanze upya, ama umwache aondoke nacho. Ukikosa muda, punguza unayoyasema wewe. Mgonjwa mwenye homa hawezi kubeba mambo saba. Mpe moja la lazima, mengine WAJA atamkumbusha.

Sijaona zahanati yenu, lakini nitabahatisha lilivyo dirisha la dawa. Lina tundu kama la kukatia tiketi, liko chini kidogo, mgonjwa anainama kuongea, na aliyefuata amemwegemea mgongoni. Kwenye tundu hilo ndipo tunapotarajia mwanamke aseme kwamba hizi dawa za kufubaza virusi zinamchefua, au aulize kama aendelee kunyonyesha. Hatauliza. Vuta benchi la foleni nyuma hatua tano, bandika karatasi "subiri hapa", na kwa wale wenye maelezo marefu waite ndani. Gharama yake ni gundi. Vilevile acha kuita watu kwa magonjwa yao. "Wale wa presha huku, wa kisukari huku" tumezoea, lakini umewahi kufikiria mstari wa tatu anasimama nani?

Viziwi ndio tunaowapoteza kimya kimya kuliko wote. Tunaita majina kwa sauti, hasikii, anapitwa, saa nane mchana tunamwambia alikuwa wapi. Andika kwenye faili lake alama inayoonekana, mfuate ifikapo zamu yake umguse bega. Kama anajua kusoma, mwandikie. Wengi hawakupata shule, basi mwonyeshe kwa vitendo. Ukihitaji mkalimani wa lugha ya alama kwa jambo zito, kama kueleza majibu ya VVU au kuomba ridhaa ya upasuaji, piga simu wilayani, afisa ustawi wa jamii na watu wa CHAVITA, chama cha viziwi, wanaweza kukuelekeza. Usimpigie makelele. Kwa kiziwi, mdomo uliopanuka ni uso wa hasira tu.

Nimetaja ustawi wa jamii, na huko vizuizi vina sura nyingine: Kiswahili cha fomu. "Je, katika kaya yako umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia na mwenza wako?" Nimesikia swali hilo likisomwa kwa sauti kwa mwanamke mwenye jicho lililovimba, mama mkwe wake amekaa pembeni. Akajibu hapana, mwuliza akaweka tiki. Neno "ukatili wa kijinsia" kwake ni la redioni, kitu wanachofanyiwa watu wengine. Kupigwa na mume analiita "tuligombana", na kulazimishwa hajapata neno lake. Mtoe mama mkwe kwa kisingizio cha heshima, mwombe akachukue kadi mapokezi, kisha uliza kwa Kiswahili cha jikoni: "Nyumbani kuna mtu unamwogopa? Hili jicho nani kalifanya?" Na kabla hajajibu mwambie utafanya nini na utakachosikia, kwa sababu kinachomfunga mdomo mara nyingi ni hofu kwamba ukishajua, polisi watakuja nyumbani jioni hiyo na usiku atabaki peke yake na mume. Kwa mtoto mambo ni tofauti, huna hiari ya kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka jambo lifikishwe kwa wahusika, na ipo namba 116 ya kupiga bure. Lakini hata mtoto unaweza kumwambia ukweli huo: "Nitamwambia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukulinda."

Na fedha. Nimeona wauguzi wakiandika "mgonjwa hana ushirikiano" kwa mtu ambaye hakuwa na nauli. "Sina hela" ni neno zito kuliko jina la ugonjwa wowote. Mzee wako hakumaliza vidonge, sawa. Lakini uliza kama vile vilivyobaki nusu alikuwa anavitunza. Wengi wanameza siku moja wanaruka moja ili vifike mbali, kwa sababu mwezi uliopita walipofika waliambiwa dawa hamna, nendeni mkanunue. Ana zaidi ya miaka 60, na sera inasema mzee wa umri huo asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Je, kuna aliyemwambia? Ana kitambulisho cha msamaha, au karatasi iko kwa mtendaji wa kijiji na hakuna anayemfuatilia? Uliza hivi: "Babu, wengi wananiambia dawa wanazigawa gawa ili zisiishe haraka. Na wewe ilikuwa hivyo?" Ukianza na "wengi", umembebea nusu ya aibu.

Barua za rufaa nitazipitia upesi: usiandike vifupisho ambavyo hata wewe wiki ijayo hutavisoma, na mwambie ndugu kwa Kiswahili kilichomo ndani ya karatasi anayoibeba. Mara nyingi hajui kama ameshika haraka au ameshika hiari.

Kuhusu mfawidhi wako, usibishane naye. "Hawa ndivyo walivyo" ni sentensi ya mtu aliyechoka, nami nimewahi kuisema, katika kituo nisichokitaja, usiku wa saa tisa nikiwa peke yangu na wazazi watatu kwenye chumba cha kujifungulia. Nilimfokea mmoja wao kwa kutosukuma. Hakuwa anasikia Kiswahili hata neno moja. Alikuwa anatazama mdomo wangu tu, na kila nilivyozidisha sauti ndivyo alivyozidi kujikunja. Mama mmoja aliyemsindikiza ndugu yake akasogea, akamshika mkono, akamwambia maneno mawili kwa lugha yao, mtoto akatoka. Nilimwuliza baadaye alimwambia nini. Akasema: "Nilimwambia huyu sista hakuchukii."

Fanya hivi kwa mwezi mmoja, usijaribu yote. Chagua wagonjwa watano kwa siku, uwaombe wakurudishie kwa maneno yao, na andika kwenye daftari lako dogo kila neno lililorudi limepinda: kutwa, saa nane, imeshuka, chochote. Mwisho wa mwezi utakuwa na kamusi ya zahanati yako ambayo chuo hakina, na hiyo mwonyeshe mfawidhi bila hotuba. Na yule mzee akija, umsalimie kwanza mwadila, umvutie kiti, halafu umuulize habari ya fahali na kamba. Niandikie uniambie alijibu nini.